Taroti na Kabala: Karata, Herufi na Kujihesabu Nafsi

Taroti ni seti ya karata 78. Kati yake, 56 zimegawanywa katika makundi manne ya vikombe, panga, sarafu na magongo. Ndiyo makundi ambayo wacheza karata wa Afrika Mashariki huyaita kopa, shupaza, uru na pau. Zilizobaki 22 ni turufu zenye picha: Mpumbavu, Mtawa, Gurudumu la Bahati, Kifo, Mnara, Jua na nyinginezo. Kabala ni mapokeo ya kiroho ya Wayahudi, yanayotafuta ndani ya Torati siri ya Mungu na ya uumbaji wake. Wengi wanaotumia karata hizi leo ili kuijua nafsi yao huamini kwamba zimetokana na Kabala. Historia haiungi mkono imani hiyo.

Taroti ilianza katika karne ya 15 kaskazini mwa Italia, kwenye majumba ya watawala wa Milano na Ferrara, nayo ilikuwa mchezo tu. Turufu zilikuwa za kulia karata nyingine, na hadi leo Wafaransa wanaucheza mchezo huo bila kuwaza mizimu wala malaika. Habari za hekima iliyofichwa zilikuja zaidi ya miaka 300 baadaye. Mwaka 1781, mjini Paris, Antoine Court de Gébelin aliandika kwamba karata hizo ni mabaki ya kitabu cha makuhani wa Misri ya kale. Wakati huo hakuna aliyeweza kuyasoma maandishi ya Misri. Msomi Mfaransa Champollion aliyafumbua mwaka 1822, na hayakutaja taroti popote.

Humo humo katika kazi ya de Gébelin, mwandishi mwenzake alizihusisha turufu 22 na herufi 22 za Kiebrania. Wazo hilo lilikuzwa na Mfaransa aliyejiita Eliphas Lévi, katika vitabu alivyovitoa kati ya 1854 na 1856. Hoja ilikuwa na mvuto wake. Kitabu cha kale cha Kiyahudi, Sefer Yetzirah, kinafundisha kwamba Mungu aliumba ulimwengu kwa njia 32, yaani sefiroti 10, ambazo maana yake itaelezwa hapa chini, na herufi 22. Wanakabala wa baadaye walizichora sefiroti kama mti wenye vituo 10 vilivyounganishwa kwa mistari 22. Turufu 22, herufi 22, mistari 22: nani angeupuuza ulingano huo?

Ila ulingano huo ulihitaji kusukumwa kidogo. Lévi aliipa herufi ya kwanza, alefu, karata ya Mfanya Mazingaombwe. Golden Dawn, chama cha siri kilichoanzishwa London mwaka 1888, kiliihamishia herufi hiyo kwa Mpumbavu, na karibu turufu zote zikasogea nafasi moja. Hapo likazuka tatizo jingine, kwa kuwa baadhi ya herufi zilikuwa zimepangiwa nyota za unajimu. Karata ya Nguvu, yenye picha ya simba, haikuangukia nyota ya Simba. Ya Haki, yenye mizani, haikuangukia Mizani. Namba zao zikabadilishwa: Haki iliyokuwa ya 8 ikawa ya 11, na Nguvu ikachukua nafasi yake. Siri iliyopokewa tangu enzi za kale isingehitaji fundi wa kuikarabati namna hiyo.

Kabala yenyewe ina njia yake ya kujenga tabia, na haihitaji karata hata moja. Sefiroti ni namna 10 ambazo Mungu asiye na mwisho hujidhihirisha kwazo, kuanzia Keteri, taji, hadi Malkuti, ufalme. Zohari, kitabu kikuu cha Kabala kilichotokea Hispania mwishoni mwa karne ya 13, kinazungumzia mivutano iliyo kati yao, hasa ule wa Hesedi, ambayo ni rehema isiyo na mpaka, na Gevura, ambayo ni nguvu na hukumu. Mwanadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, kwa hiyo mvutano huo umo ndani yake pia.

Zoezi linaloonyesha jambo hili vizuri ni hesabu ya siku 49 kati ya Pasaka ya Kiyahudi na sikukuu ya Shavuoti. Kila wiki kati ya wiki saba hupewa sefira moja kati ya saba za chini, na kila siku ya wiki hupewa mojawapo ya hizo saba ndani ya ile ya wiki. Siku ya kwanza ni Hesedi ndani ya Hesedi. Siku ya pili ni Gevura ndani ya Hesedi, na hapo mtu hujiuliza kama ukarimu wake una mpaka: je, anampa mtoto kila anachokililia, au anajua kukataa kwa ajili ya huruma ileile? Zoezi hili hufanyika ndani ya sala, sheria na jumuiya. Anayezichomoa sefiroti humo na kuzifanya chati ya tabia hubaki na majina tu.

Taroti nayo isihukumiwe kwa uongo wa nasaba yake. Karata zilizochorwa na Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite, zilizotolewa London mwaka 1909, zina tukio la kibinadamu karibu katika kila picha, na hapo ndipo faida yake ilipo. Katika Nne ya Vikombe, kijana ameketi chini ya mti, amekunja mikono. Mbele yake vimesimama vikombe vitatu, na mkono uliochomoza winguni unamnyooshea cha nne. Hakitazami. Mmoja ataona uvivu, mwingine huzuni, wa tatu busara ya kutopokea kila kinachotolewa. Jibu humtoka mtazamaji, na mtu akiliandika kisha akajiuliza kwa nini aliona hilo na si jingine, amejifunza kitu.

Hatari huanza pale karata inapoaminiwa kuwa imesema. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwagawia wanafunzi wake maelezo ya tabia zao, kila mmoja akidhani ameandikiwa yeye. Wote walipewa maandishi yale yale, na waliyapa usahihi wa wastani wa karibu 4.3 kati ya 5. Maneno mapana humkaa kila mtu. Mpiga ramli wa pwani anaijua siri hii vizuri sawa na msoma taroti wa Paris. Tena Kumbukumbu la Torati, sura ya 18, inakataza uaguzi waziwazi, kwa hiyo kutabiri kwa karata kwa jina la Kabala ni kwenda kinyume cha kitabu ambacho Kabala yote imesimama juu yake.

Anayetaka Kabala, basi, atafute mwalimu aijuaye Torati. Anayetaka kujichunguza kwa taroti anatoshwa na karata, daftari na ukweli wake mwenyewe. Na msoma karata anayedai malipo zaidi ili amwondolee mteja nuksi ya karata iliyotoka hamwongozi mtu kuijua nafsi yake. Anafanya biashara ya hofu, na mteja ana haki ya kuinuka na kuondoka.