Danieli Hakula Mboga Peke Yake

Somo: Danieli 1:8–16, Warumi 14:13–21

Jumapili iliyopita nilianza mahubiri kwa kuomba msamaha. Wengine hamkuwepo, kwa hivyo naanza hivyo hivyo hapa.

Miezi kadhaa iliyopita, baada ya mkutano wa viongozi, tulienda watu saba kula nyama choma. Kati yetu kulikuwa na ndugu mmoja anayeugua kisukari na hujidunga insulini. Amenipa ruhusa niwasimulie, ila jina lake tuliache. Mimi ndiye niliyesema chakula kitakuwa mezani saa saba. Ndugu akaamini neno la mchungaji, akajidunga mapema. Lakini mnajua mambo ya choma. Saa saba mbuzi ndiyo kwanza anapimwa kwa kilo. Saa nane bado tunaambiwa, "Dakika kumi tu, wakubwa."

Ndugu yetu akaanza kutokwa na jasho. Mikono ikatetemeka. Akaongea maneno yasiyoeleweka, tena kwa hasira, na yeye ni mtu mpole. Mmoja wetu akasema, "Hii ni vita ya kiroho." Nami, mchungaji wenu, nikasimama nikamwekea mikono na kuanza kukemea pepo.

Aliyemwokoa ni msichana aliyekuwa akituhudumia. Alifika na kuuliza swali moja: "Huyu ana sukari?" Watu sita tukaangaliana. Hakuna aliyejua. Msichana hakungoja jibu. Alileta soda, akamnywesha polepole, maana ndugu alikuwa bado ana fahamu na anaweza kumeza. Baada ya kama robo saa akatulia, akauliza kwa nini tumesimama. Mama ya yule msichana ana kisukari, ndiyo sababu alizijua dalili. Insulini ilikuwa imeteremsha sukari mwilini na chakula hakijafika. Hakukuwa na pepo pale. Kulikuwa na njaa, na kulikuwa na siri.

Kesho yake nilimpigia simu. "Ndugu yangu, tumetumika pamoja miaka yote hii, mbona hukutuambia?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Pastor, unakumbuka sherehe ya vijana? Nilikataa soda na keki. Ukaniambia mbele ya watu, 'Bariki ule, imani yako iko wapi?' Watu wakacheka. Siku hiyo niliamua sitasema tena."

Mimi nilikuwa nimesahau kabisa. Yeye hakuwa amesahau.

Sasa tuende kwa Danieli. Yeye alikuwa na sababu tofauti: hakutaka kujitia unajisi kwa chakula cha mfalme wa Babeli. Lakini ona jinsi alivyofanya.

Kwanza, aliamua kabla ya sahani kufika. Maandiko yanasema aliazimu moyoni mwake. Ukingoja mpaka harufu ya mbavu ikufikie ndipo uamue, umeshachelewa, ndugu yangu. Kama daktari amekwambia upunguze chumvi kwa sababu ya presha, amua ukiwa nyumbani. Mbuzi wa kuchoma bila chumvi ya kunyunyiza, kachumbari, sukuma wiki, kipande kidogo cha ugali: hicho ni chakula cha heshima, na hakuna hoteli itakayokufukuza.

Pili, alisema, tena kwa upole. Danieli hakupindua meza ya mfalme. Hakuwahubiria wenzake kwamba nyama yao ni mbaya. Alimwomba mkuu wa matowashi. Yule alipoogopa, Danieli hakukasirika. Alimwendea msimamizi na kumwomba awajaribu kwa siku 10, mboga na maji tu. Ombi dogo, lenye muda, lisilomtia mtu hatarini. Nilisoma biashara chuoni, na nawaambia sijaona mazungumzo yaliyopangwa vizuri kuliko hayo. Wewe pia unaweza kumwambia rafiki mmoja tu: "Nina sukari. Chakula kikichelewa nisaidie." Dakika moja tu, imekwisha.

Tatu, na hapa ndipo mimi nilipigwa: hakula mboga peke yake. Hanania, Mishaeli na Azaria walikula alichokula. Siku 10 zilipoisha, walipimwa wote wanne pamoja. Danieli alikuwa na marafiki waliomrahisishia utii. Ndugu yetu alikuwa na marafiki sita mezani, na mmoja wao ni mchungaji, lakini alikuwa peke yake. Mwambie jirani yako: "Usiniache nile peke yangu!"

Najua kuna mtu anauliza: Pastor, chakula si hutakaswa kwa neno na maombi? Ndiyo, Paulo aliandika hivyo. Lakini katika barua hiyo hiyo alimjali Timotheo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara. Hakumwambia imani yake ni ndogo. Kanisa hili linaamini uponyaji, na tutaendelea kuwaombea wagonjwa. Lakini kukataa mandazi si kumkataa Yesu. Ukiamini umepona, rudi kliniki upimwe, daktari ndiye akupunguzie dawa. Ushuhuda wa kweli hauogopi kipimo.

Na watu watasema, hilo lijue mapema. Yohana Mbatizaji alifunga, wakasema ana pepo. Yesu alikaa mezani akala, wakasema ni mlafi. Kama hata Bwana hakuwaridhisha wenye maneno, wewe na glasi yako ya maji utawaridhisha lini?

Sasa niseme na sisi ambao hatujaambiwa na daktari tuache chochote. Kwa Warumi, Paulo anatuonya tusiharibu kazi ya Mungu kwa ajili ya chakula. Nimekuja kuona kwamba "onja kidogo tu" inaweza kuwa kwazo kama nyama ya sanamu. Acha kumlazimisha mtu. Acha kumuuliza sababu mbele ya watu. Acha ile ya, "Tumeshalipia, imalizwe." Pesa iliyokwisha kulipwa hairudi kwa kuharibu figo za ndugu yako. Na bili ikija, tuwe na haki: mtu aliyekula sukuma wiki na maji asichangishwe sawa na waliomaliza kilo tatu za mbuzi. Amina?

Ndugu yetu bado anakuja nasi kula. Siku hizi hajidungi mpaka aone sahani mbele yake, kama alivyoelekezwa kliniki. Sisi tunapiga simu hotelini mapema, nyama iwekwe motoni kabla hatujafika. Na kila mmoja wetu sasa anazijua dalili: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Akiwa anaweza kumeza, tumpe kitu chenye sukari haraka. Akiwa amezimia, tusimtie kitu mdomoni, tumkimbize hospitali. Maombi tutafanya tukiwa njiani.

Wiki hii fanya jambo moja. Kama una ugonjwa unaoficha mezani, mwambie mtu mmoja. Kama huna, muulize mwenzako faraghani, "Kuna kitu huwa huli?" Kisha usicheke.

Tuombe. Baba, utusamehe kwa mizaha iliyowafunga ndugu zetu midomo. Wape wagonjwa wetu ujasiri wa Danieli, na utufanye sisi kuwa Hanania, Mishaeli na Azaria wao. Katika jina la Yesu. Amina.