Kijiti Hakioni Yote

Mwanangu, kaa kidogo. Najua foleni ya maabara ni ndefu na daktari anadai majibu yake. Majibu yatasubiri. Jambo hili mimi lilinichukua miaka kulielewa, nami sitaki likuchukue wewe muda huo.

Kijiti cha mkojo kisipobadilika rangi kwenye protini, usikimbilie kumwambia mtu kwamba figo zake ni nzima. Kijiti kile huona zaidi albumini. Vichujio vya figo hufanya kazi kama kifumbu cha tui: albumini, iliyo kubwa, hubaki, protini ndogondogo hupita. Zikishapita, mirija ya figo huziokota na kuzirudisha mwilini, pamoja na sukari, fosfati na karibu maji yote. Figo huchuja kama lita 180 kwa siku, na mkojo unaotoka ni lita moja au mbili tu. Mirija ikiumia, protini zile ndogo humwagika, na kijiti kimenyamaza.

Nilipokuwa kijana nilisifiwa kwa wepesi wa mikono. Siku moja akaja baba mmoja. Protini, hakuna. Sukari, ipo. Nikamtuma apimwe kisukari. Sukari ya damu ikatoka ya kawaida. Basi nikalaumu kopo la vijiti, eti limeingia unyevu, nikafungua jingine, nikaendelea na foleni. Kumbe damu ikiwa sawa na mkojo una sukari, huenda mirija ndiyo imeshindwa kuokota. Ishara nilikuwa nayo mkononi, mwanangu. Aliporudi baadaye kreatinini ilikuwa imepanda, na ndipo nilipomuuliza anafanya kazi gani. Alikuwa fundi wa friji. Aliunga mabomba ya shaba kwa waya wa fedha wenye kadimi, katika chumba kisicho na dirisha.

Kadimi ikiingia kwenye figo hukaa miaka mingi, hata 20, ikiumiza mirija. Kule Japani, mkoa wa Toyama, ilishuka kutoka mgodini na Mto Jinzu, ikaingia mashamba ya mpunga. Watu wakala wali wao kama kawaida. Walioumia zaidi ni akina mama wa makamo waliokuwa wamezaa watoto wengi. Fosfati iliwatoka kwa mkojo, mifupa ikalainika na kuvunjika. Serikali ilikubali chanzo cha ugonjwa huo mwaka 1968, wengi wakiwa wameshateseka sana.

Kwa hiyo uliza, na uulize taratibu. Kazi yako nini, baba? Unavuta sigara? (Tumbaku nayo ina kadimi, vijana hawaambiwi.) Umechomwa gentamisini? Unatumia dawa gani za kienyeji? Ukiwa na shaka, ongeza asidi ya sulfosalisiliki kwenye mkojo, kile kipimo cha kizamani mnachokicheka. Hicho hakichagui protini. Ukiona ukungu na kijiti kimesema hakuna, andika majibu yote mawili. Na ukitakiwa kupima beta-2 mikroglobulini, mojawapo ya zile protini ndogo, usiuache mkojo mezani. Ukiwa mchachu huiharibu.

Mgonjwa akikuambia anatumia tenofovir, dawa ya VVU, usimtishe, na usithubutu kumwambia aache dawa. Dawa hiyo inamweka hai. Mara chache huigusa mirija, na daktari akijua mapema anaweza kumbadilishia. Wewe andika unachokiona, kisha upeleke karatasi kwa daktari mwenyewe, mkononi.