Fundi wa Paa za Magari

Jumapili, kwenye kikao cha harusi ya binti yetu, kaka yangu mkubwa alimgeukia mpwa wetu mbele ya watu: "Wenzako wa miaka thelathini na tatu wanajenga, wewe umerudi kulala sebuleni kwa mama yako." Kijana akainamisha kichwa. "Sawa, mjomba." Bendi yake ilivunjika, ndoa nayo ikafuata. Mchana anashona viti vya magari gereji, usiku bado anaimba. Nilinyamaza kwa kumheshimu mkubwa wangu, na ukimya ule umenichoma wiki nzima.

Kaka, ningekusimulia habari za Brian Johnson.

Huyu ni Mwingereza wa Dunston, Gateshead. Baba yake alikuwa sajenti jeshini, kisha mchimba makaa ya mawe. Mama yake Mwitaliano. Ujanani alijiunga na askari wa akiba wa miavuli ili apate pesa za vyombo vya muziki. Mwaka 1973 bendi yake, Geordie, ilitoa wimbo ulioingia kumi bora Uingereza. Kisha jina likafifia, pesa hazikuonekana, ndoa ikayumba. Kufikia 1980 alikuwa na miaka 32, amerudi kwa wazazi wake, anaendesha biashara ndogo ya kubandika paa za vinaili kwenye magari. Jioni alipanda jukwaani na Geordie aliyoifufua. Kofia ile ambayo dunia nzima inamjua nayo alipewa na ndugu yake, ili jasho lisimwingie machoni. Ndugu yake, kaka.

Februari mwaka huo Bon Scott, mwimbaji wa bendi ya AC/DC, alifariki London. Johnson alipigiwa simu aende kujaribiwa, akasita kwenda. Kilichomsukuma ni kibarua alichopata hukohuko London, kuimba tangazo la mashine ya kufyonza vumbi kwa pauni 350. Alipofika akabaki ghorofa ya chini akicheza biliadi na wabeba vyombo, huku wenye bendi wakidhani hajaja. Miezi michache baadaye alikuwa Bahamas akirekodi Back in Black, albamu inayoanza kwa mlio wa kengele ya kumwomboleza Scott. Ilitoka Julai. Inakadiriwa kuuza nakala milioni 50.

Najua utaniuliza ni wangapi wanaopigiwa simu kama ile. Wachache mno, na ndiyo maana simu siitetei. Ninayoitetea ni miaka ya kabla yake. Mtu anaamka, anamwamkia mama yake, anakwenda kubandika paa, anakula jasho lake, na usiku anawaimbia watu wachache kwa pumzi yake yote. Hata simu isingelia, huyo hakuwa ameshindwa chochote. Na ilipolia, sauti ilikuwa ingali moto kwa sababu hakuwahi kuiweka kabatini kwa aibu ya kulala kwa wazazi.

Mwaka 2016 madaktari walimwonya kwamba akiendelea na maonyesho atapoteza kabisa uwezo wa kusikia. Akasimama, mwimbaji Axl Rose akaimba mahali pake. Mwaka 2020 alirudi na albamu mpya, akiwa na miaka 73. Hata hapo walikuwapo waliokwisha kumhesabu kuwa amemalizika.

Kikao kijacho ni Jumapili hii. Nitakaa kando ya mpwa wangu, na safari hii, kaka, nitaongea.