Tusiwarudishe Watoto Kulala
(Somo: 1 Samweli 3:1–18)



Kila aliyepata mafundisho ya Kipaimara aijua habari ya Samweli na Eli. Mtoto alikuwa amelala katika nyumba ya Bwana, akasikia ameitwa kwa jina lake. Akaondoka mbio kumwendea mzee, na mzee akamwambia arudi akalale. Akaja mara ya pili, akaambiwa vivyo hivyo. Mara ya tatu ndipo Eli alipofahamu ya kuwa mtoto amesikia neno la kweli. Mara nyingi tumelihubiri somo hili kwa watoto, wajifunze kuitikia Mungu akiwaita. Mwezi huu twalihubiri kwa wazee, maana lina neno zito kwao, kwa ajili ya watoto wetu wachezao mpira.

Katika mkoa wetu wa Singida mpira umeshika mioyo ya vijana, na zaidi tangu Singida United ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2017. Toka Kiomboi hata Ikungi na Manyoni twaona wavulana wanaotamani kucheza siku moja katika uwanja wa Liti, tuliouita zamani Namfua. Sharika nazo zina timu zake za vijana. Jambo hili si baya. Mchezo, uwe mpira wa miguu, netiboli au raga, waupa mwili nguvu, na kumfunza kijana kutii amri na kushindwa bila hasira. Twamshukuru Mungu kwa ajili ya watu wanaowafunza watoto pasipo mshahara, katika jua na vumbi.

Lakini angalieni. Mwalimu wa mpira ana mamlaka kubwa juu ya mtoto, pengine kupita baba yake. Yeye ndiye achaguaye nani atacheza na nani atakaa kando. Yeye ndiye mwenye jezi na ahadi ya viatu. Timu ikisafiri, watoto hulala mahali apendapo yeye. Mtu mwovu akiwataka watoto hatakwenda porini. Atakwenda mahali watoto walipo, mahali ambapo wazazi watamshukuru. Kikulacho ki nguoni mwako.

Huko Uingereza alikuwako mwalimu mmoja wa mpira wa wavulana, jina lake Barry Bennell, aliyesifiwa kwa kutambua vipaji. Wavulana walilala nyumbani kwake, wakivutwa na michezo na wanyama wa ajabu aliowafuga, na wazazi waliona ni heshima. Mwaka 2016 mmoja wao, Andy Woodward, akiwa mtu mzima, alisema hadharani mambo aliyotendewa utotoni, na wengine wengi wakasema baada yake. Mwaka 2018 mahakama ikamhukumu Bennell kifungo kirefu, naye alikuwa amekwisha kufungwa zamani kwa makosa ya namna iyo hiyo.

Msiseme kwamba haya ni mambo ya Ulaya tu. Mwaka 2009 vijana wa nchi yetu waliulizwa, na habari yao ikatolewa na Serikali pamoja na UNICEF mwaka 2011. Katika Tanzania Bara, karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walisema wametendewa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Na katika wavulana hao, kama theluthi moja tu ndio waliomwambia mtu yeyote.

Nasi tuna la kuungama. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja alitujia jioni. Alisema mwanawe hataki tena kwenda mazoezini, hali chakula vema, na ya kuwa mwalimu wa timu humpigia simu usiku na kumpa zawadi huku akimkataza kusema. Sisi tulimjua mtu yule. Alikuwa mwimbaji mzuri, tena amewaleta watoto wengi kanisani. Tukamwambia, "Mama, tusimhukumu mtu, tumwombee. Labda wamekosana mchezoni." Baada ya majuma matatu akaja mara ya pili, tukamwambia tutasema na wazee. Mara ya tatu hakuja kwetu. Alikwenda mwenyewe kwa ofisa ustawi wa jamii, na huko mambo yakajulikana, wala mtoto hakuwa mmoja tu. Majuma yale matatu tutayajibu mbele za Mungu.

Tangu hapo tumeisoma habari ya Eli kwa hofu. Eli hakuwa mtu mwovu. Watu walimpasha habari za dhambi za wanawe, naye aliwaonya kwa kinywa. Kosa lake ni kwamba alijua, asiwazuie. Aliwaacha katika kazi ile ile, mahali pale pale. Ndivyo tufanyavyo sisi tukimwonya mtu faraghani kisha tukamwachia timu, au tukamwacha aende usharika mwingine pasipo neno. Ndivyo tufanyavyo pia jamaa wakikaa kikao, ng'ombe wakatolewa, na mtoto akaambiwa anyamaze. Ng'ombe hawamponyi mtoto, wala hawawalindi watoto wa kesho.

Mwangalieni na Samweli asubuhi ile. Alikuwa na neno zito moyoni, akaogopa kumwambia mzee. Lakini alifungua milango ya nyumba ya Bwana kama siku zote. Mtoto mwenye siri nzito aweza kuchota maji, kuchunga mbuzi, na kuja Shule ya Jumapili kana kwamba hakuna neno. Hapo Eli alitenda jema. Alimwita mtoto, akamtaka aseme yote bila kuficha, wala hakumkasirikia, ijapokuwa habari ilikuwa juu ya nyumba yake mwenyewe.

Basi, yatupasa nini? Mfugaji wa Unyaturu au Iramba hujenga boma la miiba kabla ya kumwona fisi, wala haachi pengo kwa ajili ya rafiki. Amri zetu na ziwe hivyo, kwa watu wote, hata mchungaji. Mtu asikabidhiwe timu kabla hatujauliza habari zake kule alikotoka. Mtu mzima asikae na mtoto mmoja mahali pa siri. Mazoezini wawepo watu wazima wawili. Safarini asilale chumba kimoja na watoto. Zawadi na simu zipitie kwa wazazi. Mtu mwema hataona uchungu, maana boma hili lamlinda naye asisingiziwe.

Mtoto akisema, tumsikilize kwa upole, tusimhoji kama mahakamani, wala tusimwahidi kuificha habari. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yampasa kila mtu mwenye habari ya mtoto anayedhulumiwa aipeleke kwa serikali ya mtaa wake. Twende kwa mtendaji, kwa ofisa ustawi wa jamii, au polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Na simu namba 116 haina malipo. Akiwa ameingiliwa, apelekwe hospitali upesi, kabla ya saa 72 kupita, maana dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI ikichelewa kupita hapo haifai. Naye mshtakiwa aondolewe kwa watoto siku ile ile. Kumwondoa si kumhukumu; hiyo ni kazi ya hakimu. Na kama akitubu, Kanisa lina neno la msamaha kwake, lakini msamaha haumrudishii ulinzi wa watoto.

Mwana wa mama yule sasa ni kijana mzima. Tulimwendea nyumbani kwao, tukamwomba radhi mbele ya mama yake. Hakusema mengi. Alisema tu, "Baba mchungaji, mama alikuja kwenu mara mbili."

Ee Bwana, uliyesema na mtoto usiku, utupe sisi wazee masikio ya kusikia mara ya kwanza. Amina.