Kilicholiwa na Mbuzi, Je, ni Sadaka?



Mvua za Machi zilipoanza hapa Mbale, sisi wanne tunaopanga nyumba moja karibu na chuo tuliamua kulima kipande cha ardhi kilicho nyuma ya nyumba. Kwanza tulimwomba ruhusa mwenye nyumba, kwa sababu sharia haimpi haki anayepanda katika ardhi ya mtu bila idhini. Tulifyeka, tukang'oa magugu, tukachanganya udongo na samadi iliyokwisha kuoza, maana samadi mbichi huunguza mizizi. Miche ya sukuma wiki tuliipanda kwa nafasi ya futi moja na nusu. Dodo, yaani mchicha, tulisia mbegu papo hapo, na ulipoota tukapunguza uliosongamana. Juu ya udongo tulitandaza majani makavu ya migomba ili unyevu usipotee. Kila siku baada ya swala ya Alfajiri mmoja wetu alikuwa na zamu ya kupalilia na kuokota viwavi.

Wiki ya tano, tukiwa darasani, mbuzi wa jirani aliingia. Tuliporudi Adhuhuri tulikuta vishina.

Usiku ule nyumba iligawanyika. Mmoja alisema, "Acheni kunung'unika, ndugu zangu, hiyo ni sadaka." Wa pili akamjibu kwa hasira, "Sadaka gani ambayo sikuitoa?" Wa tatu akashauri tunyunyize sumu kwenye majani yaliyobaki. Mimi ninayesoma Masomo ya Kiislamu nikatazamwa kama mufti, nami sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu siku ile.

Aliyesema ni sadaka alikuwa na ushahidi. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Muislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Katika mapokezi ya Jabir (r.a.) kwa Imam Muslim, hata kilichoibiwa kimetajwa. Lakini wa pili naye alikuwa na ushahidi: matendo huzingatiwa kwa nia, na hakuna kati yetu aliyenuia kumlisha mbuzi. Tena tulinuia kinyume chake!

Je, Hadithi hizi mbili zinagongana? Nadhani hapana. Mtume (s.a.w.) alieleza habari za mtu aliyefuga farasi kwa ajili ya njia ya Allah. Farasi huyo akipita mtoni akanywa maji, mwenyewe huandikiwa mema ingawa hakukusudia kumnywesha. Nia yake ilikaa mwanzoni, pale alipomfuga kwa jambo la kheri, na yaliyofuata yakaifuata nia ile. Vivyo hivyo, anayeshika jembe kwa kutafuta chakula cha halali hahitaji kunuia upya kwa kila jani. Mlango wa kheri alishaufungua siku ya kupanda. Wazee husema nia njema ni tabibu.

Basi je, mwenye mbuzi hana lawama? Hapa ndipo tunapokosea wengi. Hadithi inazungumza na aliyepoteza, haizungumzi na aliyechukua. Mwizi hawezi kusema, "Nimekuzidishia thawabu," kwani dhambi yake inabaki pale pale. Malipo ya mmoja hayafuti dhima ya mwingine.

Na kuhusu dhima, sharia ina hukumu ya wazi kuliko hasira zetu. Ngamia wa Al-Baraa bin Azib (r.a.) aliingia katika bustani ya watu akaharibu. Mtume (s.a.w.) akahukumu kwamba wenye mashamba wayalinde mchana, na wenye mifugo wawajibike kwa uharibifu wa usiku. Wanazuoni wengi wameichukua hukumu hii. Niliposoma hapo nilinyamaza. Mbuzi wetu aliingia mchana! Tulipanda, tukapalilia, lakini uzio hatukuweka. Zamu ya kulinda ilikuwa yetu. Hivyo neno "sadaka" lilitufariji, lakini pia lilikuwa linatufichia uzembe wetu.

Kuhusu sumu sina maneno mengi. Mbuzi hana hatia, na majani yale huchumwa pia na watoto. Mwanamke mmoja aliadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia mpaka akafa. Haifai mtu aliyeahidiwa thawabu kwa kila kinywa kinachokula shambani mwake ageuze shamba hilo kuwa mtego wa kuua.

Katika Suratul Anbiyaa, aya ya 78 na 79, tunasoma kisa cha kondoo walioingia usiku katika shamba la watu. Wafasiri wanaeleza kuwa Nabii Daud (a.s.) alihukumu kondoo wapewe mwenye shamba. Nabii Suleiman (a.s.) akaona njia nyingine: mwenye shamba anufaike na maziwa na sufi kwa muda, mwenye kondoo alihudumie shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mmoja arudishiwe mali yake. Hukumu ile ilitengeneza shamba, na ikawaacha majirani wakiwa majirani.

Tulikwenda kwa Hajjati, mwenye mbuzi, bila kudai fidia. Alituomba radhi, akasema kamba ilikuwa imechakaa. Tukampelekea kamba mpya, akaturuhusu kuzoa samadi zizini kwake. Tulijenga uzio wa fito na miba, tukasia dodo tena kwa kuwa hukua upesi.

Lakini uzio nao una mtihani wake. Wenye bustani katika Suratul Qalam waliapa kuvuna alfajiri ili maskini asiwafikie, wakaamka bustani imeteketea. Kwa hiyo uzio wa Muislamu una mlango. Mavuno ya kwanza tumekubaliana kumpelekea Hajjati.

Ndugu msomaji, ukipanda msimu huu, nuia kheri siku ya kwanza, kisha linda ulichopanda kana kwamba hakuna atakayekulipa kikipotea. Ukishalinda kwa uwezo wako wote na bado kikaliwa, hapo sema kwa moyo mkunjufu: ni sadaka.

Wallahu a'lam.