Printa Iliponyamaza Dhaka

Ijumaa, tarehe 5 Februari 2016, wafanyakazi wa Benki Kuu ya Bangladesh waliingia katika chumba chenye ulinzi mkali jijini Dhaka. Humo ndimo maagizo ya fedha za kimataifa yalimopitia, kwa mtandao wa SWIFT, na printa ilichapa yenyewe kumbukumbu za miamala usiku na mchana. Siku hiyo haikuwa imechapa kitu. Walipojaribu kuilazimisha, ikagoma. Wakaona ni hitilafu ya kawaida, maana iliwahi kusumbua hapo nyuma. Isitoshe, Ijumaa kwao ni siku ya mapumziko. Wakaiacha hadi kesho.

Tusiwacheke, ndugu msomaji. Mazoea yana taabu, nami ningekuwa zamu siku ile ningeilaumu printa vilevile.

Kumbe usiku uliotangulia wezi walikuwa wametuma maagizo 35 kwenye Benki ya Hifadhi ya Marekani, tawi la New York, kwa jina la Benki Kuu hiyo, wakitaka karibu dola milioni 951. Walikuwa wamepandikiza programu iliyofuta kumbukumbu za maagizo hayo ndani ya kompyuta. Lakini kilichokwisha kuchapwa kwenye karatasi hakifutiki kutoka mbali, kwa hiyo printa nayo ilibidi izibwe mdomo. Ukimya wake ndio uliokuwa alama ya wizi.

Jumamosi ikaja dalili ya pili: kompyuta ya SWIFT ilikataa kufungua programu, ikaeleza kwamba kuna faili limekosekana au limebadilishwa. Printa ilipoanza tena kuchapa, zikatoka hoja kutoka New York zikiuliza juu ya malipo ambayo hakuna aliyeyajua. Wakapiga simu, wakaandika, lakini New York sasa ilikuwa mapumzikoni. Jumatatu ikawa zamu ya Ufilipino, zilikopelekwa fedha nyingi, kupumzika kwa sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina. Dola milioni 81 zilikuwa tayari zimeingia katika tawi moja la benki huko Manila, na nyingi zikapotelea kwenye kasino.

Dola nyingine milioni 20 zilielekea Sri Lanka, nazo zikapona. Kwa nini? Wezi walikosea herufi katika jina la mpokeaji, na maafisa wa benki, badala ya kusema ni kosa la uchapaji tu, wakauliza. Printa iliyogoma na herufi iliyokosewa, zote mbili zilikuwa kasoro ndogo. Iliyoulizwa iliokoa mamilioni, na iliyozoeleka ikayapoteza.

Wala wezi hawakuingia usiku ule. Kwa mujibu wa mashtaka ya serikali ya Marekani ya mwaka 2018, tangu Januari 2015 wafanyakazi wa benki hiyo walikuwa wakipokea barua pepe za mtu aliyejifanya anatafuta kazi, akiwaomba wafungue wasifu wake.

Sisi hatutunzi hazina ya taifa, lakini tuna hesabu za duka, michango ya kikundi, mitihani ya wanafunzi. Basi tuziangalie dalili. Kinga ya virusi imejizima bila wewe kuigusa. Folda kwenye flashi zimegeuka njia za mkato. Kwenye barua zilizotumwa imo usiyoiandika. Ujumbe wa benki uliozoea kuupata kila unapotoa fedha umekoma kuja. Hii ya mwisho ndiyo rahisi kupita bila kuonekana, kwa kuwa jicho hukimbilia kilichozidi, si kilichopungua.

Ukiona hivyo, usiizime kompyuta na kuiwasha ukaendelea na kazi. Iondoe kwenye intaneti kwanza. Andika ulichokiona na saa uliyokiona, kisha mwite fundi unayemwamini. Badilisha nywila zako kwa kutumia kifaa kingine. Kama fedha zinahusika, ipigie benki yako saa hiyohiyo, hata kama ni siku ya mapumziko. Afadhali fundi akucheke kwa kumsumbua bure Ijumaa kuliko kumwita Jumatatu.