Sadaka ya Mgombea

Katika sharika nyingi za Kilutheri kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ibada ya Jumapili haiishii kwenye baraka ya mchungaji. Waumini hutoka nje wakasimama uwanjani, na vile vitu walivyovileta wale ambao hawakuwa na fedha mkononi, mkungu wa ndizi, jogoo aliyefungwa miguu, mayai, debe la mahindi, hunadiwa mbele ya watu wote, na thamani yake ikaingia katika hazina ya usharika. Ni desturi njema, kwa kuwa humwezesha mjane wa mgombani kumtolea Mungu sawasawa na mfanyabiashara wa mjini Moshi. Lakini ufikapo mwaka wa uchaguzi, akatokea uwanjani hapo mtu aliyechukua fomu ya kugombea udiwani, mkungu uleule hupanda bei hata ukapita mara nyingi thamani yake katika soko la Mbuyuni, kisha mshindi wa mnada, huku macho yote yakimwelekea, humrudishia yule bibi aliyeutoa aende nao nyumbani. Usharika umepata, bibi amepata, wala hapana aliyelalamika. Swali ni moja, nalo ni zito: mtu huyu amemtolea nani?

Taifa letu limelihangaikia swali hili kwa muda mrefu. Mwaka 2000 Bunge liliirekebisha sheria ya uchaguzi likaruhusu takrima, hata mgombea aliyewakirimu wapiga kura kwa nia njema na kwa mujibu wa mila asihesabiwe kuwa ametoa rushwa. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, pamoja na mashirika mengine mawili, kikaishitaki Serikali mbele ya Mahakama Kuu, na mwezi Aprili 2006 majaji watatu wakavibatilisha vifungu hivyo, wakiona kwamba vinambagua mgombea asiye na mali na kuifungulia rushwa mlango. Miaka minne baadaye, Machi 2010, Rais Jakaya Kikwete akatia saini Sheria ya Gharama za Uchaguzi, inayomtaka mgombea wa urais, wa ubunge, na hata wa udiwani, aeleze fedha zake zatoka wapi, asivuke kiwango kilichowekwa na Waziri, na atoe hesabu kwa chama chake, nacho chama kimpelekee Msajili wa Vyama vya Siasa. Makatazo yake hayangoji kampeni zianze, bali yanazigusa pia kura za maoni ndani ya vyama, ambako nauli na posho za wajumbe zimekuwa jina la adabu la kitu kingine.

Walakini sheria, hata iwe nzuri namna gani, huhukumu dhahiri. Batini ni ya Mola. Mtu akisema kwamba alitoa kwa ajili ya Mungu, hakimu gani atampasua moyo aone? Wengi huishia hapo wakakata tamaa, na mimi sioni sababu ya kukata tamaa. Imepokewa katika vitabu vya Bukhari na Muslim habari ya Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa na Mtume Muhammad kukusanya zaka. Aliporudi akaitenga mali mafungu mawili, moja akalikabidhi, la pili akadai ni zawadi aliyopewa yeye mwenyewe. Mtume akapanda mimbari akauliza kwa nini mtu yule hakuketi nyumbani kwa baba yake au mama yake, aone kama zawadi hiyo ingemfikia. Swali hili halipekui nia ya mtu. Linatazama mambo yanayoonekana na kila mwenye macho, nalo lafaa kuulizwa upande wa pili, kwa mwenye kutoa. Mgombea wetu, asingalichukua fomu, angalikuja mnadani? Mwaka juzi alikuja? Akishindwa, atakuja mwaka ujao? Anayeweza kujibu ndiyo mara tatu, majirani wakamsadiki, sadaka yake na ipokelewe kwa shukrani.

Watetezi wa takrima hujibu kwamba ukarimu ni mila, na huku kwetu hoja yao ina uzito kuliko penginepo. Mchagga hamwendei mtu kwa haja mikono mitupu. Aendaye kuposa hupeleka mbege. Aendaye kuomba radhi hutanguliza jani la sale. Na wazee wakiketi kusuluhisha ugomvi wa mpaka wa kihamba, kata huzunguka toka mkono hata mkono, mwenyeji akiwa ameonja kwanza ili ijulikane kwamba pombe ni salama. Basi mgombea naye, wasema, ni mwenye haja. Mbona mnamtaka aje mtupu? Hoja hii nimeitafakari sana, kwa sababu sipendi kuona mambo ya wazee yakitupwa kama takataka, na hata hivyo naiona ina kasoro mbili. Mbege ya posa hunywewa mchana, mbele ya koo mbili, kila mmoja akijua imetoka kwa nani na kwa ajili gani, wala kuinywa hakuwaondolei wenyeji uhuru wa kukataa. Ilhali bahasha ya uchaguzi huja usiku, kwa mkono wa wakala, na mpokeaji huonywa asimwambie jirani. Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Mzee aliyepelekewa sale husamehe kosa alilotendewa yeye, nalo ni deni lake, aweza kulifuta apendavyo. Bali kura si mali ya mpiga kura peke yake. Ni amana aliyoshikishwa kwa niaba ya mtoto wa Uru ambaye hajafikia umri wa kupiga kura, na mgonjwa atakayekuta zahanati haina dawa, na mkulima wa kahawa wa Kibosho ambaye barabara yake itasombwa na mvua za masika. Auzaye kitu chake kwa hasara hulaumiwa kwa upumbavu tu. Auzaye amana ni haini.

Kwa hiyo siwezi kuafikiana na wale wanaowashauri fukara wapokee, wale, kisha wapige kura wapendavyo kwa kuwa kura ni siri. Najua ushauri huu hutolewa kwa huruma, na najua njaa haina subira; wala simlaumu mama aliyepokea kilo ya sukari kama ninavyomlaumu aliyeileta. Lakini ahadi ya uovu, ijapokuwa haimfungi mtu mbele ya Mungu, aitoaye huku akikusudia kuivunja amejizoeza uongo, na jamii iliyojizoeza kumdanganya mgombea haina uso wa kumdai mgombea ukweli atakapokaa katika kiti cha baraza.

Wazee wa kanisa na kamati za misikiti wana uwezo ambao Msajili hana. Wanaweza kuamua, pasipo kungoja waraka wa mtu, kwamba tangu fomu zichukuliwe hata kura zihesabiwe, hakuna mgombea atakayetangazwa jina katika mnada, wala katika harambee, wala katika futari. Atakaye kutoa na atumbukize kikapuni kama wengine.

Nayo hesabu ya diwani haifai kwenda mbali na watu waliomchagua. Posho ya diwani yajulikana kuwa ndogo, na mtu aliyetumia katika kampeni kuliko atakachokipata kwa halali miaka mitano hana budi kukirudisha kwa njia fulani, kwa kiwanja, kwa kizimba cha soko, au kwa zabuni ya mfereji. Hesabu hiyo na ibandikwe katika ofisi ya kata, maneno makubwa yanayosomeka, ionyeshe ni kiasi gani kilitumika na kilitoka kwa nani. Wakazi ndio walioyaona magari ya vipaza sauti yakipanda mlima, ndio waliogawiwa fulana, ndio walioalikwa alipochinjwa ng'ombe. Na wao, kuliko mkaguzi yeyote, ndio wawezao kusimama mbele ya ubao ule wakauliza mbona ng'ombe hakuandikwa.